Kujaa, Kufurika na Kutosha



Kila mwaka, Sikukuu ya Mavuno ifikapo, tunapanga mbele ya altare mahindi, ndizi, maboga, mayai na kuku, nasi tunamshukuru Mungu kwa wingi aliotupa. Ni jambo jema na la haki. Lakini ni mara chache tunakaa na kujiuliza wingi wenyewe ni nini. Mtu akiwa na vitu vingi, amepata nini hasa? Je, kila kinachoongezeka ni baraka juu ya baraka, au kuna mpaka ambao wingi ukiuvuka hugeuka kuwa kitu kingine? Na wingi uliomo nyumbani mwa mtu mmoja, ni wa nani?

Napenda tulitafute jibu kwa kuyachungua maneno ambayo Waingereza huyatumia kutaja wingi. Msishangae. Kitabu cha Sala tulichokipokea kiliandikwa kwanza kwa lugha hiyo, watoto wetu wanafundishwa lugha hiyo shuleni, na maneno yake ya fedha na biashara tunayasikia kila siku. Tena neno la zamani hushika mawazo ya watu walioanza kulitumia, kama chungu kinavyoshika harufu ya kilichopikwa ndani yake.

Hata hivyo, tuanze kwa tahadhari. Asili ya neno si sheria. Watu hubadili maana za maneno kadiri vizazi vinavyopita, wala hakuna anayeweza kushinda hoja ya haki na dhuluma kwa kufungua kamusi tu. Maneno ni mashahidi. Hutuambia watu waliotutangulia waliona nini. Kuhukumu ni kazi yetu, kwa nuru ya Neno la Mungu.

Chombo kilichojaa

Neno la kawaida kabisa ni "plenty". Waingereza walilipata kwa Wafaransa katika karne zilizofuata mwaka 1066, Wanormani walipoiteka nchi na Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na ya mahakama. Wafaransa nao walilirithi kutoka Kilatini, ambamo "plenus" maana yake ni kilichojaa. Basi neno hili mwanzoni halikuwa neno la hesabu. Halikuuliza vitu ni vingapi, bali liliuliza kama chombo kimejaa.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Hesabu haina mwisho. Mwenye mia aweza kutaka mia na moja. Lakini chombo kina ukingo. Kibaba kikijaa kimejaa, na ukizidi kumimina, unga huanguka chini. Kwa hiyo mwenye wingi, kwa maana ile ya kale, ni mtu anayeujua ukubwa wa chombo chake. Asiyeujua hawezi kujaa hata akipewa ghala nzima. Yule tajiri mpumbavu tunayesomewa habari zake katika Injili ya Luka, sura ya 12, hakukosa mavuno. Shamba lake lilizaa sana na ghala zake zikajaa. Wakati huo ndipo angaliweza kusema, "Sasa nimejaa, na kinachozidi ni cha jirani." Badala yake aliazimu kuzivunja ghala na kujenga kubwa zaidi. Alikibadili chombo ili asije akafika ukingoni.

Waganga wa kale wa Kiyunani nao walikuwa na neno lao la kujaa, ambalo Waingereza wamelichukua na kulitamka "plethora". Kwa waganga lilikuwa jina la ugonjwa: mwili uliozidiwa na damu. Waliona kwamba hata kitu chema kama damu, kikizidi kipimo, humlaza mtu kitandani. Leo Mwingereza hulitumia neno hilo kwa kitu chochote kilichozidi, pasipo kukumbuka kwamba lilianza kwa mgonjwa.

Wimbi

Neno la pili ni "abundance". Ndani yake limo neno la Kilatini "unda", yaani wimbi. Hapa hatuna chombo tena. Tunayo maji yanayopanda na kuvuka kingo. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilitumia neno la jamii hii katika Yohana sura ya 10, pale Bwana wetu anapoeleza kwamba amekuja ili kondoo wake wawe na uzima, tena wawe nao kwa kufurika. Kwa hiyo kufurika si dhambi. Mungu mwenyewe hatoi kwa mkono wa birika.

Lakini tuangalie wimbi linavyofanya kazi. Wakulima wa bonde la Rufiji na wa kando ya Mto Tana wanajua vizuri kuliko mwandishi yeyote. Mto ukifurika na kutandaa, huacha udongo mzuri mashambani, na maji yakipungua watu hupanda. Furiko ni neema kwa sababu linapita na kuenea. Maji yakikaa mahali pamoja yananuka na kuzaa mbu. Yakija kwa nguvu pasipo kutandaa, yanachukua nyumba na watu.

Waingereza wana maneno mengine ya maji. "Affluence", yaani hali ya kuwa na mali nyingi, ni maji yanayotiririka kumwelekea mtu. "Superfluous" ni maji yaliyomwagika juu ya ukingo, yaani kisichohitajiwa. Mwaka 1958 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, John Kenneth Galbraith, alitoa kitabu ambacho jina lake lilitumia neno hilo la kwanza. Hoja yake ilikuwa kwamba katika nchi yake mali za watu binafsi zilikuwa zimefurika, huku mahitaji ya wote, kama shule na usafi wa miji, yakiachwa katika unyonge. Maji yalikuwa yakitiririka upande mmoja tu.

Tena liko neno la kutisha zaidi, "redundant". Nalo limetoka kwenye wimbi lile lile, wimbi linalorudi nyuma kwa kuzidi. Leo nchini Uingereza neno hilo humtaja mfanyakazi aliyeambiwa kwamba kazi yake haihitajiki tena. Bunge lao lilipitisha sheria ya malipo ya watu wa namna hiyo mwaka 1965, na neno lenyewe limo hata katika Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007. Fikirini, ndugu zangu. Wimbi moja limezaa neno la furaha la mwenye mali na neno la huzuni la aliyefukuzwa kazi. Kiwanda chaweza kuzalisha zaidi kuliko zamani, na siku hiyo hiyo baba wa watoto watano akaambiwa kwamba yeye ni wa ziada. Bidhaa kuzidi ni jambo moja. Binadamu kuhesabiwa kuwa amezidi ni jambo jingine kabisa. Mbele za Mungu hakuna mtu wa ziada.

Nguvu

Mtu mwenye mali Waingereza humwita "rich". Neno hili ni la kwao tangu kale, nalo mwanzoni halikutaja mali bali lilitaja enzi: mtu wa namna hiyo alikuwa mwenye nguvu, mtawala. Lina undugu na "rex" ya Kilatini, yaani mfalme, na "Reich" ya Kijerumani, yaani dola. Mtawala ndiye aliyekuwa na mali, na polepole jina la enzi likawa jina la mali. Kwetu pia jambo hili halijifichi. Tajiri, ambaye kwa asili ya Kiarabu ni mfanyabiashara, ndilo jina ambalo mfanyakazi humwitia bwana wake.

Maandiko yanatuonyesha jinsi wingi unavyogeuka kuwa nguvu. Sote tunaipenda habari ya Yusufu katika Mwanzo sura ya 41: miaka saba ya shibe, sehemu moja ya tano ya mavuno ikawekwa akiba, na watu wakaokoka katika miaka saba ya njaa. Lakini tusiache kusoma sura ya 47. Wamisri walinunua nafaka kwa fedha zao zote. Fedha zilipokwisha walitoa mifugo yao. Mifugo ilipokwisha walitoa mashamba yao na nafsi zao, wakawa watumwa wa Farao. Yusufu aliokoa maisha ya watu, na hilo hatuwezi kulikana. Hata hivyo njaa ilipokwisha, Farao alikuwa na kila kitu. Kisha mwanzo wa kitabu cha Kutoka tunawakuta wana wa Israeli, wazao wa ndugu zake Yusufu, wakifanywa watumwa na kulazimishwa kumjengea Farao miji. Ni miji gani? Ni miji ya kuwekea akiba. Wingi uliowekwa mkononi mwa mmoja ulikuwa wokovu kwa kizazi kimoja na nira kwa kizazi kingine.

Hali njema

Neno "wealth" siku hizi maana yake ni mali. Lakini limejengwa juu ya neno la kuwa vizuri, kama vile "health", yaani afya, lilivyojengwa juu ya neno la kuwa mzima. Mwanzoni lilikuwa hali njema ya mtu au ya nchi, wala si kile alichokifungia kabatini.

Katika Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 10, Mtume Paulo anatuagiza tusitafute faida yetu wenyewe bali ya wenzetu. Wafasiri wa mwaka 1611 walitumia hapo neno hilo hilo "wealth". Mwingereza wa leo akisoma haraka aweza kudhani kwamba Mtume anawaambia watu watafute mali za wenzao! Maana yake ni kinyume kabisa: kila mmoja aitafute hali njema ya mwenzake.

Tena tukumbuke Litania katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662. Tunamwomba Bwana atuokoe katika nyakati nne: wakati wa dhiki yetu, wakati wa "wealth" yetu, saa ya kufa, na siku ya hukumu. Walioandika maneno hayo waliiweka hali ya kustawi katikati ya dhiki na mauti, kana kwamba ni hatari moja kati ya hatari nyingine. Ni wangapi kati yetu tunaomba kuokolewa siku mshahara unapopanda? Tukiwa na ugonjwa tunaita wazee wa kanisa waje kutuombea. Tukifanikiwa tunaita wageni waje kula. Si vibaya kula pamoja na wageni, lakini Litania inatuambia kwamba siku hiyo nayo tunahitaji maombi.

Fungu

Neno dogo lisemwalo na kila mtoto ajifunzaye Kiingereza ni "a lot", yaani vingi. Hata hivyo "lot" kwa asili ni kura, kile kijiti au kijiwe kilichotupwa ili kugawa kitu kwa haki. Kisha likawa jina la fungu lililomwangukia mtu. Katika Biblia yao ya Kiingereza, neno hilo ndilo linalotaja urithi wa kila kabila katika kitabu cha Yoshua, nchi ya Kanaani ilipogawanywa kwa kura. Katika karne ya 19 tu ndipo lilipozoeleka kwa maana ya wingi usio na kipimo.

Sitaki kujenga nyumba kubwa juu ya kijiti hiki. Lakini mabadiliko yake yanafanana sana na yale yanayotokea moyoni mwa mtu. Kwanza anapokea fungu, akijua kwamba wengine nao wana mafungu yao na kwamba yuko aliyegawa. Baada ya muda anasahau ugawaji, anaona lundo tu, na lundo hilo analiita langu.

Kutosha

Sasa tufike kwenye neno lililo gumu kuliko yote, ingawa ni la kawaida: "enough", yaani inatosha. Ni neno la Kiingereza cha kale, nalo lina undugu na "genug" ya Wajerumani. Lina makali pande mbili. Upande wa chini linasema, isipungue hapa. Upande wa juu linasema, isizidi hapa.

Waayalandi husema "go leor", yaani ya kutosha. Waingereza waliwasikia, na katika karne ya 17 wakalitia neno hilo katika lugha yao likiwa "galore". Lakini kwa Mwingereza "galore" ni tele, vingi mno. Kile kilichokuwa kutosha kwa mmoja kikawa kufurika kwa mwingine. Kisha ilikuja mwaka 1845, ugonjwa ukashambulia viazi huko Ayalandi, ambavyo vilikuwa chakula cha maskini. Katika miaka michache iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine wapatao milioni moja wakaihama nchi. Nchi hiyo ilikuwa chini ya ufalme mmoja na Uingereza, na katika miaka hiyo hiyo nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza kuuzwa. Watu hawakufa kwa sababu kila shamba lilikuwa tupu. Wengi walikufa kwa sababu hawakuwa na fedha za kununua kilichokuwapo.

Lugha yenyewe ililijua jambo hilo. Neno la kale la Kiingereza la uhaba na njaa ni "dearth", nalo limetokana na neno la bei kuwa ghali. Kitabu cha Sala kina shukrani maalumu kwa ajili ya wingi, nayo inamshukuru Mungu kwa kuugeuza uhaba kuwa, kwanza, bei nafuu, na kisha wingi. Mwandishi wake alifahamu kwamba wingi usionunulika na maskini haujawa wingi bado.

Na upande wa juu je? "Sad" leo ni mwenye huzuni. Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilimtaja mtu aliyeshiba, na Wajerumani hata leo aliyeshiba humwita "satt". Kutoka kushiba likawa kuchoka, kutoka kuchoka likawa kuwa mzito, na kutoka uzito likawa huzuni. Wala tusiwacheke. Sisi nasi tuna neno kukinai. Aliyekinai ni mtu aliyeridhika na alicho nacho, na pia ni mtu aliyekula hata chakula kikamchukiza. Neno moja limebeba wema na karaha, na kati ya hizo mbili pana vijiko vichache tu.

Hoja ya kupinga

Huenda msomaji mmoja atasema: "Mwandishi anatuhubiri turidhike. Maneno hayo tumeyasikia sana. Wenye shibe huwahubiria wenye njaa waridhike, ili wao waendelee kula." Hoja hii ni ya kweli mara nyingi, nasi kama Kanisa hatuna budi kuisikiliza. Wahenga walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Lakini ndiyo sababu nimesema kwamba kutosha kuna makali mawili. Hakuna mtu mwenye haki ya kumwonyesha jirani makali ya juu kabla ya kuyatumia makali ya chini. Kumwambia mjane mwenye debe moja la mahindi kwamba ajifunze kutosheka ni ukatili, hata tukilisema kwa sauti ya upole. Neno "inatosha" kwanza ni dai la maskini: hapa nilipo haijatosha. Ni baada ya hapo tu ndipo linakuwa hukumu kwa aliyezidiwa.

Mtume Paulo alielewa hivyo. Katika Waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya 8, aliwaomba Wakorintho wawachangie ndugu maskini wa Yerusalemu. Hakuwaambia wa Yerusalemu waridhike na njaa yao, wala hakuwataka Wakorintho wajitie katika dhiki. Alitaka usawa, wingi wa hawa ukifunika upungufu wa wale. Na kwa ushahidi aliitaja mana, ambayo aliyeokota nyingi hakubakiwa na kitu, na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Kila mtu alipata pishi moja, na iliyolazwa kwa tamaa hadi asubuhi iliota mabuu na kunuka. Mana ilikuwa wingi wenye kipimo.

Mlinzi wa mkate

Neno ambalo Mkristo wa Kiingereza hulitamka mara nyingi kuliko yote haya katika ibada ni "Lord", yaani Bwana. Katika Kiingereza cha kale liliundwa kwa maneno mawili, mkate na mlinzi. Bwana alikuwa mlinzi wa mkate, aliyewajibika kuona kwamba wote wa nyumbani mwake wamekula. Ukubwa wake ulipimwa mezani.

Bwana wetu alizaliwa Bethlehemu, jina ambalo kwa Kiebrania ni nyumba ya mkate. Alipowalisha watu elfu tano walikula wote wakashiba, na vipande vilivyobaki aliagiza vikusanywe, kisipotee kitu. Kushiba kulikuwapo, kufurika kulikuwapo, na kipimo kilikuwapo. Kisha alitufundisha kuomba mkate wa siku, tena tuuombe kwa neno "utupe", si "unipe".

Basi mavuno yajayo, tunapoleta mahindi na kuku mbele ya altare, kila nyumba ijiulize kwa uaminifu: chombo chetu ukubwa wake ni upi? Kilichozidi ukingo kinatiririka kwenda wapi? Na je, yuko mtu katika mtaa wetu ambaye kwake bado haijatosha? Halmashauri ya kanisa nayo isijitoe katika maswali hayo inapoufungua mfuko wa sadaka. Sisi tunaosema Kiswahili tunao msaada ambao Waingereza hawana. Mwaka wa mavuno mengi tunauita mwaka wa neema, na neema ndilo neno letu la kipawa cha Mungu kisichostahiliwa. Aliyekiita chakula chake neema amekwisha kukiri kwamba hakukistahili, na aliyekiri hivyo atapata wapi sababu ya kukifungia?

Mungu atujalie kujaa pasipo kukinai, na kufurika pasipo kumzamisha jirani. Amina.